Nilisema Tata Hanywi

Kosa ni langu, wasomaji, na jina langu naomba mnisamehe kulificha. Mimi ni mtu wa haya, hata darasani husema kwa kunong'ona. Lakini hili limenikaa kooni.

Ilianza Jumanne, saa kumi za jioni, wiki ile ile aliyobatizwa tata, yaani baba yangu. Alikuwa na wake wawili. Misheni ilimtaka abaki na mmoja, akabaki na mama. Mama mdogo akarudi kwa kaka yake, upande wa Makwale. Pombe nayo ilikatazwa. Kwetu pombe ya ulezi hunywewa na watu wamekaa pamoja, chungu katikati, na tata hakuweza tena kuonekana pale. Jumanne hiyo aliniita nyuma ya nyumba akaniambia, kwa upole nisiowahi kuusikia kwake, nichukue mtungi wa maji niende kwa mama mdogo, naye atajua cha kutia.

Nikaenda, tena kwa furaha! Baba ambaye alikuwa hanioni sasa alikuwa na siri na mimi. Alikunywa peke yake nyuma ya migomba, nami nikimfundisha herufi kwa kijiti mchangani. Nikipita na mtungi kichwani, mwalimu wa kanisa alikuwa akimwambia mkewe, "Mtazame, huyu hachoki kuchota maji. Wa kwetu wamelala." Njiani nilikuwa nikionja kidogo, sifichi. Mama hakujua, au hakutaka kujua.

Miaka ikapita hivyo. Kila siku isipokuwa Jumapili. Baadaye na Jumapili.

Kisha tata akaanza kushikwa na maumivu juu ya kitovu, yakipenya mpaka mgongoni, akawa anajikunja kama mtu anayetafuta kitu chini. Hakutaka tena samaki wa mafuta. Mikono na miguu ikakonda, tumbo likavimba. Nami nikaongeza safari, maana alisema pombe inamtuliza.

Mama mdogo aliniuliza hali yake, nikamweleza kwamba macho yamekuwa ya manjano. Akaniagiza nimwambie aache kabisa, kwani baba yake mwenyewe alikwenda vivyo hivyo. Ujumbe huo sikuufikisha. Nilijua tata akiacha, hataniita tena kule migombani.

Ee Kyala, Mungu wangu!

Mganga wa misheni, Mzungu, akaja. Alimminya tata chini ya mbavu za kulia, akakunja uso. Mimi ndiye niliyekuwa namfasiria, kwa kuwa mle ndani hakuna mwingine aliyejua Kiswahili. Fikirini hilo! Ningeweza kumjibu kweli tupu na asisikie mtu.

"Niambie wewe, mtoto. Baba yako anakunywa?"

"Hanywi," nikasema.

Akaeleza kwamba ini limekuwa gumu, na kongosho, ile nyama iliyo nyuma ya tumbo, huenda nayo imeharibika. Angekuwa mnywaji, alisema, angemkataza hata tone, maana ini likipumzishwa mapema mtu huweza kuishi miaka. "Lakini kama hanywi, sijui ni nini."

Hayo ya mwisho tu ndiyo niliyowafasiria wazee wa ukoo waliokaa mle ndani. Baba mkubwa, kaka yake tata, akatazamana na wazee. Mzungu hajui, basi wao wanajua. Tumbo la namna hiyo ni la kurogwa, na mwenye hasira na tata ni nani kama si mke aliyeachwa?

Tata alikufa mvua zilipoanza. Tulipokwisha kumzika wanaume wakaenda kwa mama mdogo, nami nikawafuata. Walimkuta anapepeta ulezi. Wakamwambia avuke mto Songwe, aende upande wa Waingereza, asirudi. Hata kaka yake hakumtetea. Angetaja pombe, wangesema ndimo alimotia uchawi. Ni mimi tu niliyeweza kusema kwamba tata aliiagiza mwenyewe, na mimi niliionja miaka yote na ni mzima.

Akanitazama. "Gwe, wewe mwanangu, huna neno?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Akakunja mkeka wake.

Songwe ilikuwa imefurika. Sijui kama alivuka. Hakuna aliyeleta habari. Tangu hapo kila ninapoinama kuchota maji naisikia ile sauti karibu kabisa na sikio, bila ukali wowote: huna neno?

Jioni ile ile nilimwendea baba mkubwa nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Nimesikia mimi, inatosha. Ukilitoa nje, tata yako atakuwa mlevi, na sisi tutakuwa tumemfukuza mtu bure."

Enyi mnaombebea mtu mtungi kwa kuwa mnampenda, utueni! Mwenye macho ya manjano na tumbo lililovimba, msemeeni kweli mbele ya mganga, hata akiwachukia. Chuki ya mtu aliye hai mtaizoea. Mimi nilitaka kupendwa, nikawapoteza wawili.

Mtauliza kama baada ya maneno ya baba mkubwa nilimkimbilia mama mdogo mtoni. Kesho yake asubuhi nilinawa uso, nikachukua ubao wangu wa kuandikia, nikaenda shule. Lilikuwa somo la amri za Mungu. Mwalimu aliniuliza ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo, nikaisema yote, bila kukosea hata neno.