Sauti ya Mzee Rugemalira

Asubuhi za Nshambya, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, Avit hukaa sebuleni na kikombe cha chai, akiisikiliza kompyuta yake ikinguruma taratibu pembeni. Mkewe, Esther, humtania kwamba ameoa wake wawili, na huyu wa pili haoshi hata kijiko. Avit hucheka tu. Ni karani wa ghala la kahawa mjini Bukoba, mtu wa maneno machache na ndoto nyingi. Ukimtuma chumvi sokoni, anaweza kukurudia na habari za mawingu ya ziwani.

Kompyuta yenyewe ilitupwa na ghala kwa uzee. Kila programu mpya ilikuwa inaielemea. Avit aliiomba, akaipangusa vumbi, akaiwekea Linux, mfumo usiodai makuu, kisha akaiacha iwake usiku na mchana bila kioo wala kibodi. Kazi yake ni moja: kutunza sauti ya marehemu baba yake, Mzee Rugemalira, aliyepiga enanga, kinanda cha nyuzi cha Wahaya, kwenye harusi za Muleba mpaka vidole vikapinda. Dada zake Avit walioolewa mbali hufungua simu, wakaingia kwenye mashine hiyo, na baba yao akawachezea nyuzi huku wakimenya ndizi. Mama yao, Kokuhirwa, husikiliza kule kijijini Kagoma, Muleba, jioni, ameketi kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, karibu na kaburi la mumewe, akitafuna kahawa.

Watu walimuuliza Avit kwa nini asizihifadhi nyimbo hizo kwenye mitambo ya makampuni makubwa ya mtandaoni. Mama alikuwa ameshakataa.

"Baba yako akalale kwa watu tusiowajua? Mtu wetu hulala nyumbani."

Avit alipoomba angalau atengeneze nakala ya pili, mama alikunja uso zaidi. "Mtu hazikwi mahali pawili, mwana wange."

Akiba haiozi, na Avit alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa mtoto mtiifu, na utii mwingine, jamani, ni ugonjwa. Sauti yote ya baba yake ikabaki kwenye diski moja kongwe.

Mvua za vuli zilipokuja na radi zake, umeme ukawa wa kukatika na kurudi. Siku moja diski ikaanza kugonga, kta, kta, kama kijiko ndani ya kikombe.

"Nakili sasa hivi," Esther akamwambia. "Mama utamwomba radhi baadaye."

Hakuweza. Aliizima mashine, akaivika blanketi, akapanda basi la Muleba ameipakata mapajani. Kama ni kufa, alijisemea, basi ifie kibanjani. Njia nzima mvua ilichirizika madirishani, vilima vikapita vimesinzia ndani ya ukungu, naye hakujua vizuri kama amebeba chuma au mzee. Aliogopa kweli. Aliogopa kufiwa mara ya pili.

Kokuhirwa alitandaza nyasi mpya sakafuni, kama afanyavyo kwa mgeni wa heshima, mashine ikakalishwa juu yake.

"Anaumwa?" akauliza.

"Anaumwa, Mama. Nisipomnakili leo, tutamkosa."

Mvua ilipiga bati. Kupitia mlangoni mama aliitazama migomba yake, kila mmoja na machipukizi yake ubavuni.

"Kaburi ni moja," akasema hatimaye. "Lakini watoto alizaa wengi, na hakuna aliyenyimwa sura yake. Haya, mgawe."

Avit akaiwasha. Ikagonga, ikasita, ikaamka. Akachomeka diski mpya, ambayo alikuwa ameinunua zamani kwa siri na kuificha kabatini, na nyimbo zikaanza kuhama mmoja baada ya mwingine. Zilihama zote isipokuwa mmoja. Alijaribu tena na tena, akiibembeleza mashine kwa Kihaya, mpaka diski kongwe ikanyamaza kabisa.

Uliobaki ndani ulikuwa ule ambamo mzee alimsifu mkewe kwa jina. Avit alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

"Wimbo wako, Mama. Nimeupoteza."

Mama alitema ganda la kahawa kiganjani. "Huo? Huo ninao."

Akafumba macho, akaanza kuuimba kwa sauti yenye mikwaruzo, akijisifu kwa maneno ya mumewe ubeti hadi ubeti, bila haya hata kidogo. Avit alifuta machozi, akatoa simu, akaanza kurekodi. Wimbo ulipokwisha mama alifumbua jicho moja.

"Umeninasa?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi niweke karibu naye."