RAM ni RAM, Nilisema Mimi

Naanza kwa kukiri, ili mtu asijisumbue kunitetea: lile jambo la Wawi ni kweli, aliyelifanya ni mimi, na kama umelisikia sokoni Chake Chake basi umelisikia pungufu, maana waliokuwapo wana huruma.

Mimi Zuwena ni mtu wa kompyuta ofisini (yaani karatasi ikikwama kwenye printa naitwa, mtu akisahau neno lake la siri naitwa, kwa hiyo ukoo mzima wa mume wangu unaamini kompyuta nimeziunda mimi, nami sijawahi kuwasahihisha). Wifi yangu Riziki, dada wa mume wangu, anatengeneza video za harusi za wanawake pale kwao Wawi, kazi inayotakiwa sana, kwa sababu akina mama hawataki nywele zao zikapite kwenye vibanda vya wanaume mjini. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ukiiambia ikate kipande cha video unaweza kubandika wali, ukauepua na ukala. Kaka yao Suleimani aliyeko Maskati akamwonea imani, akamletea mazabodi, ule ubao ambao vitu vyote vya kompyuta hupachikwa juu yake, tena ya hali ya juu kabisa na ndogo, ukubwa wa sahani ya mtoto, imevikwa vyuma vyeusi kama inakwenda vitani.

"Wifi, wewe ndo mjuzi, niangalizie," Riziki akaniambia. "Ati si kila RAM, vile vipande vya kumbukumbu, inakubaliana nayo. Kuna orodha ya zile walizozijaribu wenyewe walioiunda. Tuisome?"

Kusema "tuisome" kungenigharimu nini? Lakini mjuzi hasomi, mjuzi anajua. Nikacheka kile kicheko changu cha ofisini, nikamwambia, "RAM ni RAM, wifi," nikaagiza Dar zile zenye taa za rangi rangi, vipande vinne, kwa sababu vinne ni vingi kuliko viwili (huo ndio ulikuwa utafiti wangu wote).

Riziki alitaka tuiunganishe wenyewe kimya kimya. Mimi nikasema hapana, tuifunge siku ile ile anayokuja Bi Maryamu, aone tunafanya kazi na mitambo gani. Bi Maryamu ni mwalimu mstaafu wa Msuka, mama wa bibi harusi, na alikuwa anakuja na dada zake wawili kuitazama video ya harusi ya mwanawe (hata mimi nilihudhuria) na kusema kipi kikatwe kabla haijapelekwa kwa jamaa. Akiridhika, harusi za Msuka zote ni za Riziki. Asiporidhika, ndo basi tena. Na gari waliyokodi ilikuwa lazima iwarudishe kabla ya magharibi.

Basi wakaja baada ya alasiri, wakakaribishwa mkekani, mama mkwe wangu akamimina chai, na mimi nikakaa katikati yao kama daktari wa upasuaji. Nikafungua boksi. Kumbe ubao ule, kwa udogo wake, una nafasi mbili tu za RAM.

"Na hizo mbili nyengine?" mama mkwe akauliza.

"Za akiba, mama," nikasema, wala sauti haikutetemeka.

Juu ya zile nafasi palikuwa na karatasi ya kunata yenye maandishi mengi. Nikaibandua, nikaitupa pembeni bila kuitazama, nikapachika RAM, nikapachika na vyengine vyote, nikaunga televisheni kubwa ya ukutani, nikabonyeza. Feni ikazunguka, RAM zikawaka buluu na waridi, akina mama wakasema mashaallah. Skrini ikabaki nyeusi.

Nikangoja kidogo. Nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikachomoa RAM, nikazipuliza (sijui nani alitufundisha kupuliza), nikarudisha, nikawasha. Nyeusi. Nikalaumu umeme, nikalaumu waya wa televisheni, nikamwambia Riziki soketi yake haina nguvu, huku feni inazunguka wazi wazi mbele ya macho ya watu. Bi Maryamu akatazama jua dirishani. Riziki alikuwa ameinama tu, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, na badala ya kumwonea huruma mimi nikatafuta mtu wa mbali wa kumtwisha lawama.

"Tatizo ni ubao," nikatangaza. "Shemeji Suleimani kauziwa kibovu."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mwanangu Suleimani," akasema polepole, "kamletea dadaake kibovu?" Na kabla sijameza mate akawa keshapiga simu Maskati, kaiweka spika.

"Vyereje, shemeji?" Suleimani akauliza. Nikamweleza, kwa maneno makubwa kadiri nilivyoweza.

"Ukiiwasha unaiacha muda gani?"

"Kiasi."

"Kiasi gani, shemeji? Maana ukiitia RAM mpya, mara ya kwanza inakaa inazisoma, skrini nyeusi, dakika kadhaa. Ukizima inaanza upya. Si pana karatasi imeandikwa?"

"Karatasi gani?" nikauliza, kwa mshangao mkubwa.

"Hii hapa," akasema Bi Maryamu. Ilikuwa imenata kwenye kiwiko changu muda wote ule. Akaibandua taratibu, akavaa miwani, akaisoma kwa Kiingereza, kisha akatufasiria kama yuko darasani: "Usizime. Subiri. Kwa RAM zinazofaa, tazama orodha."

"Na hizo RAM zimo kwenye orodha?" Suleimani akauliza.

Nikakohoa. Nikasema mtandao unakatika.

Tukaiwasha, tukangoja, wanawake sita tunaitazama skrini nyeusi, na naapa sijawahi kuona dakika ndefu namna ile. Ikaja. Picha safi, rangi zinang'ara, bibi harusi kapendeza, Bi Maryamu akaanza kufuta machozi, na mimi nikaanza kurudisha mabega yangu juu. Ikafika sehemu ya chakula. Picha ikaganda.

RAM isiyokubaliana na ubao inaweza kugandisha picha popote. Yangu ilichagua pale ambapo nyuma ya bibi harusi, kona ya kulia, yupo mwanamke ameshika mkoba wazi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anatia sambusa. Ndani ya mkoba kuna mfuko umetandikwa vizuri, kumaanisha mtu alikuja nao kutoka kwake. Mwanamke yule ni mimi.

Nikabonyeza kila kitu. Haikutoka. Nilikuwa pale ukutani, mkubwa kama mlango, nikiwa na sambusa mkononi na macho ya mtu anayeangalia kama ameonwa.

"Zuwena," mama mkwe akasema, "uliniambia hukula kitu siku ile."

Riziki akaninong'oneza, "Nilikuwa nataka kukikata kipande hicho, wifi. Nilishakitia alama." Hilo ndilo lililoniuma kuliko vyote, kwamba alishakiona zamani na hakumwambia mtu.

Nikachomoa umeme ukutani. Bi Maryamu alikuwa anacheka mpaka miwani imeteremka. "Hapo usikate, mwanangu," akamwambia Riziki. "Hapo pabaki pale pale." Na hapakukatwa. Habari imefika hadi Maskati, shemeji kanitumia salamu zinazohusu sambusa peke yake. Riziki akaagiza RAM za kwenye orodha, mbili, hazina taa hata moja, na harusi za Msuka sasa zinamjia kwa wingi mpaka anakataa nyengine.

Juzi amenunua printa, akaniita. Nikakaa mkekani, nikafungua kijitabu ukurasa wa kwanza. Baada ya muda mama mkwe akachungulia mlangoni.

"Zuwena, haijawaka tu?"

"Bado, mama. Nasoma."