Mama Mukwe na Kijiti cha Pamba

Leo kazi ya kupima mu labo ya Vulamba imenitosha jasho, bandugu!

Niko natafuta levure, ile kuvu yenye inaletaka bweupe mu kinywa ya batu. Donc kila mugonjwa anafungula kinywa, ninapangusa na kijiti cha pamba.

"Suivant!" ninaita mwenye anafuata.

Anaingia… mama mukwe wangu, toka Kayna.

Mimi niangalie mu kinywa ya mama mukwe? Kwetu hata kula mbele yake ni haya!

Akajifunika kitenge. Mimi nikageukia ukuta, nikamunyoshea kijiti kwa nyuma. Akajipangusa mwenyewe.

Nikapima: levure iko, tena mingi.

Nikatuma bibi yangu, mutoto wake, amupelekee dawa. Anarudi anacheka:

"Mama anasema aksanti kwa dokta. Mais anaomba dokta asiambie mukwe wake."

Munishauri: nimuambie uyo mukwe, ao ninyamaze?