Wale Waliokataa Kufa Kwenye Kompyuta ya Mama Mudogo

Jumapili iliyopita niliketi mbele ya kompyuta yangu, nikaweka vidole kwenye vibonye vya klavye, vikateleza. Nikanusa mkono. Makayabo! Mwanangu Ramazani alikuwa ametoka tu kucheza hapo, na alikuwa akila ule samaki wa chumvi kwa mkono uleule anaobonyezea. Nilipiga ukelele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Nilitoka nje, nikatema mate, nikanawa kwa sabuni, nikatema tena. "Lakini mama, ni samaki tu," alisema mtoto. Samaki tu, aka! Mtoto wa siku hizi hajui kitu.

Hajui pia kwamba anacheza kitu ambacho zamani kilikuwa jasho la mtu. Kompyuta yangu ni ya Linux, na michezo anayoipenda imetengenezwa kwa Windows. Yeye anabonyeza, anangoja kidogo, askari wake wanatokea kwenye kioo cha ekra wanakimbia. Basi. Sisi tulikotoka, ndugu zangu, kupata askari mmoja atembee kwenye ekra kulimchukua Mama mudogo Feza siku nyingi za kusoma maandishi meupe kwenye giza jeusi, akiuma kucha.

Ilikuwa hapahapa Kindu, wakati wa vita. Mimi nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka. Waasi walikuwa wameshika mji, na msitu wote kuuzunguka mji ulikuwa wa Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji waliopigana nao. Treni haikuwa inakuja. Aliyekwenda shambani upande wa Kailo hakuwa na hakika ya kurudi, kwa hiyo tulikula sombe, majani ya muhogo wa uani, asubuhi na jioni, mawese kidogo kama yapo, mpaka ulimi ukawa unaona kijani. Nyumbani tulikuwa wanawake peke yetu: Koko, yaani mama yake mama, Mama mudogo Feza, mdogo wake mama, msichana bado, na mimi Mauwa.

Mama mudogo alikuwa amejifunza kompyuta Kisangani. Mradi fulani wa mpunga ulipokimbia vita ulimwachia mashini moja kubwa, nzito, yenye Linux, kwa sababu hakuna aliyetaka kuibeba. Aliiweka chumba cha mbele, na betri pembeni ya kuhifadhi umeme kidogo ulipokuja. Watu walikuja kuandikiwa maombi ya kazi, matangazo ya msiba, hata barua za mapenzi. Nilimwona kama malkia. Alikuwa akiifuta kwa kitambaa cheupe kila asubuhi kabla hata ya kuosha uso wake.

Halafu akaja Komanda.

Jina lake silitaji, hata nikilijua. Alikuwa mmoja wa wakubwa wa wale waasi, mtu mnene katika mji wa watu waliokonda. Aliingia mchana mmoja na disiki mkononi, mchezo wa vita alioununua Goma. Alikuwa amesikia kuna kompyuta. Mama mudogo alimweleza kwa adabu kwamba mchezo huo ni wa Windows, na hii si Windows. Komanda alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, kama mtu anayechagua nyama sokoni.

"Miye sikukuuliza ni nini," alisema. "Nimesema nitacheza."

Mama mudogo alikuwa na programu ya kuigiza Windows, kitu cha kuidanganya michezo ili idhani iko kwao. Alihangaika nayo siku kadhaa, na Komanda alikuja kila siku kuuliza. Mwishowe mchezo ukafunguka. Tangu hapo tukawa naye kila alasiri. Alileta jenereta na mafuta yake, akaiweka chini ya dirisha, moshi wote ukaingia ndani. Walinzi wake, vijana wenye bunduki na macho mekundu, walisimama mlangoni.

Jamani, mtu yule alikuwa mchafu! Alivua viatu, na harufu iliyotoka humo ilimfanya hata paka wa jirani aondoke dirishani. Alikula samaki wa kuchoma wakati sisi tuna sombe tu, akatoa mfupa kinywani, akachokoa nao meno, akaupangusa kwenye klavye. Alipenga kamasi kwa vidole viwili, akaitupa kwenye sakafu ya Koko, kisha akashika tena vibonye kwa vidole vilevile. Akiua mtu kwenye ekra, au akidhani ameua, alicheka kwa kinywa kilichojaa na chembe zikaruka. Na mimi nilikuwa pale pale. Mama mudogo alikuwa ameweka kigoda kati ya kiti chake na kiti cha Komanda, akaniambia, "Mauwa, wewe kaa hapa. Usitoke hata ukiitwa." Nilimchukia kwa hilo. Nilifikiri hanipendi. Komanda alipoondoka, kazi yangu ilikuwa kutoa magamba ya samaki katikati ya vibonye kwa njiti ya ufagio, na kila mara nilitoka nje kutema mate.

Ila mchezo ulikuwa na kasoro. Maadui hawakuanguka. Komanda alipiga risasi, bunduki ikalia, damu ikaonekana kifuani kwa adui, naye adui akaendelea kutembea kama mtu anayekwenda sokoni. Ile programu ya kuigiza ilikuwa imeshindwa kuchora kifo. Mama mudogo alilieleza hivyo, kwamba mashini haina picha ya mtu kuanguka. Lakini nani angesikia maelezo hayo Kindu, wakati ule? Kila mtu alijua Mai-Mai walinyunyiziwa maji ya dawa, na kwamba risasi zikiwafikia zinageuka maji. Vijana wale wa mlangoni walikuwa wametoka kupigana nao wiki iliyotangulia.

"Angalia," mmoja alimnong'oneza mwenzake. "Wale njo wao."

"Nyamaza."

"Njo wao, nakuambia. Hawakufe."

Komanda alicheka mwanzoni. Siku zilivyokwenda kicheko kikapungua. Nilimwona akitoa jasho shingoni. Alimgeukia Mama mudogo: "Wewe, sababu gani hawa hawaanguke? Nani alikuja kugusa hii mashini?"

"Hakuna muntu, Komanda. Ni kasoro tu. Nitatengeneza."

"Utatengeneza kwangu," alisema siku moja, akivaa viatu. "Kesho vijana watabeba mashini mpaka nyumbani kwangu. Na wewe utakuja nayo. Mashini haitembei bila mwenyewe."

Koko, aliyekuwa akichambua sombe mlangoni, aliacha majani yakaanguka. Alipiga magoti. Mwanamke mzima, mwenye mvi, alipiga magoti mbele ya mtu aliyekuwa bado na uchafu wa samaki kwenye ndevu! "Papa, huyu ni mutoto," alisema. "Chukua kompyuta, chukua hata mabati ya nyumba. Mutoto niachie." Komanda alimruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Nami nililia, lakini nililia kompyuta. Niambieni, mtoto wa umri ule angejua nini? Nilidhani kinachochukuliwa ni kompyuta.

Kesho yake asubuhi Mama mudogo aliketi mbele ya mashini tangu jua linachomoza. Hakufunga vitu vyake. Komanda alikuwa ameacha mafuta kidogo kwenye jenereta, Mama mudogo akayatumia yote. Alibadilisha hiki, akajaribu, akabadilisha kile. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Nilimpelekea maji, hakuyaona.

Komanda alifika saa ya kawaida, na vijana wanne wa kubeba, mmoja ana dumu la mafuta ya jenereta. Mama mudogo alisimama, sauti yake nyembamba: "Komanda, nimetengeneza. Jaribu kwanza."

Akaketi. Nikaketi kwenye kigoda changu, pua nimeibana. Mchezo ukafunguka, na hapo hapo nikaona kuna kitu. Ulikuwa unakimbia! Mama mudogo alikuwa ameharibu mwendo wake. Maadui walitoka nyuma ya ukuta kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, na kabla Komanda hajainua bunduki, ekra ikawa nyekundu. Amekufa. Akaanza tena. Amekufa. Akaanza tena huku akitukana, akapata kufyatua risasi mbili, zikampata adui kifuani, adui hakuanguka, na Komanda akafa tena.

Komanda aliisukuma klavye mbali.

"Beba," Komanda aliwaambia vijana.

Hakuna aliyesogea. Waliangalia viatu vyao.

"Nimesema beba!"

"Komanda," alisema yule aliyekuwa akinong'ona siku zile, "hii kitu miye siguse. Imekuua mbele yetu. Na huyu mwanamuke tumuache. Mukono wake njo ulikuwa ndani." Wenzake wakarudi nyuma hatua, mpaka wakawa nje kwenye jua. Mmoja alianza kufuta mikono kwenye suruali, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Komanda alimtazama Mama mudogo, na kwa mara ya kwanza niliona hakumtazama kama nyama. Alikuwa anaogopa. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Alikusanya kohozi kutoka kifuani, akalitema lote katikati ya ekra, akatoka. Wakabeba jenereta yao, hawakurudi.

Kohozi lilikuwa la manjano, lilishuka polepole juu ya wale askari waliokuwa bado wanakimbia kwa nguvu ya mwisho ya betri ya pembeni, mpaka ekra ikazima. Ni mimi niliyelifuta, kwa pindo la gauni langu, kwa sababu Mama mudogo alikuwa ameketi chini sakafuni. Gauni lile nilikataa kulivaa tena. Kile kiti, Koko alikipasua kwa shoka siku ileile, tukapikia sombe, na alipokuwa anakoroga alisema, "Leo sombe limepata ladha." Tulicheka mpaka machozi.

Habari hii nimeisimulia maisha yangu yote. Nimeisimulia shuleni, harusini, sokoni, jinsi Mama mudogo wangu alivyomdanganya komanda kwa kompyuta. Nilipokua nikaelewa kigoda kilikuwa cha nini, nikaelewa pia nini hasa kilikuwa kinachukuliwa siku ile, na heshima yangu kwake ikazidi. Jumapili, baada ya kuosha klavye, nilimpigia simu Kisangani, anakoishi sasa, tucheke kidogo. Nikamwambia, kama kawaida yangu, "Mama mudogo, wewe ni mwerevu. Uliufanya mchezo umuue!"

Safari hii hakucheka.

"Mauwa, acha kusema ile," alisema. "Mimi sikumudanganya. Nilikuwa nataka waanguke. Asubuhi ile yote nilikuwa natengeneza ili waanguke vizuri, afurahi. Nilisema akifurahi labda atabeba mashini, ataniacha. Ulikuwa unaona midomo yangu? Nilikuwa naomba. Mungu, fanya wafe. Mungu, fanya wafe. Nikakosea, mwendo ukaharibika. Ni hivyo tu. Nilipoona anakufa yeye, nilijua nimekwisha."

Nilikaa na simu sikioni, na kile kinyaa cha utotoni kikapanda tena, kizito kuliko harufu ya viatu na kuliko lile kohozi nililolifuta. Nilifikiri nilikwisha kuona uchafu wote wa mtu yule. Kumbe huu sikuuona, na ulikuwa mbele yangu. Mama mudogo Feza, ambaye mpaka leo hawezi kumchinja kuku, anamwita kijana wa jirani na kugeuza uso, mtu yule alimfikisha mahali pa kumwomba Mungu watu wafe.