Kanga Kwenye Maji Moto ya Watu

Siku ile naikumbuka vizuri mno, Zuhura mjukuu wangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Leo nakasirika na wewe pia, maana nimekusikia hapo barazani na shoga zako mnacheka video ya Wajapani wakioga. "Mie siogi na watu wachafu hao!" Wachafu? Hebu kaa hapa. Safari yako ya Japani ni Alhamisi, na mie bibi yako huko nilishafika kabla mama yako hajazaliwa.

Nilipelekwa kujifunza ushonaji, miezi sita. Mwalimu wangu, Mama Sato, aliishi kijiji cha milimani chenye chemchemi ya maji moto. Bafu lao si la hoteli, ni la majirani. Wamelijenga wenyewe, wanalisugua kwa zamu, na mgeni haingii mpaka aletwe na mwenyeji anayemdhamini. Mama mzazi wa Mama Sato, ajuza wa miaka themanini na kitu, miguu ilikuwa imemkakamaa kwa baridi. Dawa yake ilikuwa hayo maji, kila jioni. Akiyakosa, hapati usingizi kwa maumivu.

Jengo lenyewe la mbao. Viatu unaacha mlangoni. Chumba cha kwanza unavua nguo, zote, unaweka kwenye kikapu. Cha pili kuna vigoda na ndoo. Unakaa, unajisugua kwa sabuni mpaka visigino, unajisuuza. Ndipo uingie kwenye hodhi la mawe, maji yanatiririka kutoka mlimani, na paa wameliacha wazi kidogo mvuke utoke. Hodhini haliingii povu wala nguo, hata kitaulo unakiweka kichwani. Ndio wachafu wako hao!

Mama Sato alinieleza yote kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, na nilielewa. Nilielewa, Zuhura! Lakini haya zilinishika. Mie mtoto wa Kiislamu wa Temeke, nivue mbele ya wanawake nisiowajua? Badala ya kusema, nikaitikia ndiyo, ndiyo. Wenzangu walipotangulia nikajifunga kanga yangu nyekundu, mpya, haijawahi kufuliwa, na bila kujimwagia hata kopo moja la maji nikatumbukia.

Lo! Kanga mpya kwenye maji moto si unaijua? Ikachuja, hodhi zima likawa jekundu, kina mama wakaruka nje wanapiga kelele. Na mie, ona ujinga wangu, nikacheka. Mama Sato akapiga magoti juu ya mawe, vile vile bila nguo, akawa anawainamia majirani zake mmoja mmoja kuwaomba radhi kwa ajili yangu. Mtu mzima yule, wa kunizaa mie!

Maji yote yakafunguliwa yamwagike. Tukalisugua hodhi mie na yeye, na kwa vile hujaa polepole, halikuwa tayari mpaka kesho yake. Ajuza alikuwa kwenye benchi mlangoni, kajifunika blanketi, anasubiri kuingia. Hakunifokea. Alinitazama, akasema maneno machache, Mama Sato akanitafsiria.

"Anasema, ungetuambia huwezi kuvua, angekaa na wewe hapa nje."

Asubuhi ajuza alikuja kunywa chai anashika ukuta hatua kwa hatua.

Sasa nisikilize. Dini yako usiiache, wala sikulazimishi kuvua mbele ya watu. Kama huwezi, sema huwezi, mapema na kwa adabu, ukae nje, hakuna atakayekumeza. Lakini usiitikie ndiyo huku moyoni una lako, maana atakayeumia si wewe, ni aliyekushika mkono akakuingiza kwao. Na neno wachafu nisilisikie tena humu ndani. Futa hiyo video, sasa hivi, nikiona.

Haya, sogeza kichwa nikuombee. Mungu akutangulie huko uendako, akukutanishe na wenye huruma kama ya yule ajuza, na akupe ulimi wa kusema kweli kabla hujawaponza waliokupokea. Amina.