Uzi wa Mafuta ya Ufuta

Siku ya kwanza kazini nilipewa sufuria ya mafuta ya ufuta, nikaambiwa niitazame. "Usiondoke," alisema Vaidya. "Yakiacha kulia, niite." Mafuta yanayochemshwa na majani na mizizi hulia taratibu, kama wanawake wanaonong'ona ukumbini, na unyevu ukishakwisha hunyamaza. Nikayasikiliza mpaka nikasahau kuwa niko Guangzhou, ghorofani juu ya ofisi za mizigo za mtaa wa Sanyuanli, na kwamba duka la vitambaa la marehemu mume wangu limeshafungwa na sasa natakiwa kujitafutia riziki kwa mikono yangu.

Vaidya ni cheo. Kwa Wahindu ni mganga aliyesomea tiba yao ya kale, Ayurveda, miguuni pa mwalimu. Huyu wetu alizaliwa Dar es Salaam, Kiswahili chake cha Kisutu hasa, akaenda kusoma India, kisha wagonjwa wakamleta China. Mwenye nyumba ya tiba alikuwa bibi wa Kichina tuliyemwita Laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita mabosi wote huku. Yeye aliuza masomo ya yoga asubuhi. Sisi tulitibu mchana.

Nilianzia jikoni, nikapandishwa kuwa mkandaji wa miguu, na mwisho nikawa mmiminaji wa mafuta. Vaidya alinifundisha kwamba mwili una mambo matatu: vata, ambayo ni upepo, pitta, ambayo ni moto, na kapha, ambayo ni ute. Kila mtu kazaliwa na kipimo chake, na maradhi ni kipimo kuvurugika. Sikuona mageni sana. Bibi yangu Unguja naye alitugawia vyakula vya baridi na vya moto, na ole wako ule chungwa ukiwa na mafua.

Kila alfajiri Vaidya alisimama kwenye dirisha la mashariki akalisalimia jua, pumzi kwa pumzi, na kile kioo cha baridi kikageuka rangi ya samli. Wanafunzi wa Laoban walitaka kupunguza tumbo. Vaidya aliwaambia kuwa kwa wahenga wake yoga ni nira: unaifunga akili inayorandaranda mpaka itulie. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakauliza lini watafika kwenye tumbo.

Alikuwa na sanamu ndogo ya Dhanwantari, mungu wa tiba wa Kihindu. Hadithi yao ni kwamba miungu iliikoroga bahari ya maziwa, na yeye akaibuka mle na chungu cha uhai mkononi. Kila mafuta yalipotaka kutumika, Vaidya aliwasha taa ya samli na kuyatoa sadaka mbele yake kwanza. Mimi Mwislamu, hayo nilimwachia mwenyewe. Lakini ile hadithi niliipenda, na nikiwa jikoni niliiona ile bahari nyeupe ikizunguka polepole ndani ya sufuria yangu.

Basi akaja Zuhura. Mfanyabiashara wa Kipemba huyu, mnunuzi wa mikoba. Alikuwa Shiling, kwenye soko la mikoba, anachagua mzigo simu ilipomfikia kwamba mama yake amefariki, na kwetu maiti huzikwa siku hiyo hiyo. Mpaka anafikiria tiketi, mama keshazikwa. Tangu hapo usingizi ulimkimbia. Alikuwa akienda Shiling akirudi hajui alichoagiza. Siku moja alishuka treni kituo kisicho chake akakaa kwenye benchi mpaka watu wakamtafuta. Niliogopa atatupotea, nikamleta.

Wiki hiyo hiyo Laoban alikuwa ameitoa sanamu chumbani na kuiweka mlangoni, ati wateja wanapenda kupiga nayo picha. Zuhura akaiona, akasimama ngazini.

"Mama Salma, hapo mie sipiti. Nikalale mbele ya sanamu, na mamaangu kaburini anangoja dua yangu?"

"Mwanangu, ni mafuta tu."

"Mafuta yaliyosomewa nini?"

 Hospitali alishakwenda, vidonge alishameza; hapa ndipo pa mwisho nilipopajua. Nikamwona anageuka kushuka.

Vaidya alikuwa nyuma yangu, kasikia yote. Nilidhani amechukizwa. Akamwambia Laoban kwa Kichina, kisha sisi kwa Kiswahili: "Huyu mama anasema kweli. Yeye anamkataa mungu huyu, mimi namwabudu, na sote wawili tunajua hapa si pa mchezo. Mlangoni si mahali pake."

Akaenda kuoga, maana kwao sanamu haiguswi na asiye safi. Akarudi miguu mitupu, akaibeba sanamu kwa mikono miwili hadi chumba kidogo cha ndani, akafunga mlango. Laoban alinung'unika kidogo, akaenda kutafuta chungu cha maua cha kuweka pale.

"Mafuta ya mama huyu yapashe wewe," Vaidya akaniambia. "Na useme mnalosema kwenu."

Nikapasha, nikasema Bismillahi. Zuhura akavua ushungi, kwani ndani tulikuwa wanawake peke yetu, akajilaza. Tiba yenyewe ni chungu kinachoning'inia juu ya paji la uso, chenye tundu lenye utambi. Mafuta vuguvugu hushuka kama uzi, na mmiminaji huusogeza kutoka panja hili hadi lile, wala uzi haukatiki. Chini wapakiaji walikuwa wakivuta tepu za kufungia maboksi, kraa, kraa, sauti ya Sanyuanli mchana kutwa. Taratibu ile sauti ikawa mbali, kama mawimbi. Macho ya Zuhura yakaacha kuchezacheza chini ya kope. Akalala.

Alasiri ikafika, simu yake ikaadhini, hakusikia. Vaidya akabisha nje ya pazia, sauti imejaa wasiwasi. "Mama Salma, sala yake. Tumwamshe?" Mtu aliyehangaikia usingizi ule, na sasa yu tayari kuuvunja.

"Mwache," nikamwambia. "Chuoni tulifundishwa kuwa aliyelala, malaika waandikao amali humwinulia kalamu. Haandikiwi kitu mpaka aamke."

Akauliza: "Kitu hakiandikwi kabisa?"

"Kabisa."

Zuhura aliamka dirisha likiwa la dhahabu. "Nimemwona mama," alisema. "Hakuniuliza kwa nini sikuja." Akalia kilio ambacho hakuwahi kukilia, nami nikalia naye. Kisha akauliza kibla. Vaidya ndiye aliyemwonyesha: "Mimi nalisalimia jua likichomoza. Wewe geukia kule linakotua."

Miaka ikaenda, vidole vyangu vikaanza kutetemeka, na mmiminaji wa kutetemeka hukata uzi. Nikaaga. Nyinyi mnaoingia kazi hii mtafundishwa majina ya mafuta. Jifunzeni pia kuuliza mgonjwa anaogopa nini.

Siku yangu ya mwisho nilimkuta Vaidya kitini karibu na dirisha, mzee sasa, macho mekundu. Aliniambia usingizi wake nao umekimbia, wala mafuta yake mwenyewe hayamfai.

"Lile jambo la kalamu," akasema. "Hebu niambie tena."

Nikamwambia tena, polepole, na kabla sijafika mwisho alikuwa amelala. Nikavichukua viatu vyangu mkononi, nikashuka ngazi.