Kilo Ishirini na Tatu Nilizoficha

Chekeni tu, sina la kujitetea, lakini mjue kwamba wiki nzima baada ya siku ile sikukanyaga dukani kwetu Kisenyi, hapa Kampala, maana hata wauza vipuri wa jirani walikuwa wakiniona tu njiani wanaangua kicheko, na aliyewapelekea habari ni shangazi yangu mwenyewe.

Yote yalianza na swali lililotunyima amani nyumbani: nianze mafunzo ya urubani mwezi wa kwanza, au ningoje? Mafuta yanapanda, makampuni ya ndege yanapunguza watu, leo safari hii imefutwa, kesho ile, na ada ingetoka kwenye kiwanja cha baba cha Kyebando (ndicho pekee tulicho nacho, msidhani sisi matajiri). Mwisho baba akasema, "Binti yangu, shule ile inatoa safari ya majaribio. Twende turuke wote. Nikikuona umetulia, nauza. Usipotulia, tunangoja."

Basi Jumamosi tukafika kwenye uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, mimi, baba, baba mdogo Rajabu, na shangazi aliyekataa kuachwa. Ofisini dada wa mapokezi akauliza kwa sauti ya mnadani, "Uzito wako?" Nyuma yangu wamepanga foleni wanafunzi vijana, wembamba, mashati meupe, wote masikio wazi. Banange, jamani! Nikasema sitini na nane. Mizani ya nyumbani ilikuwa imeniambia tisini na moja, lakini nani angejua?

Mwalimu, bwana mmoja mpole, akaichukua fomu, akapiga hesabu zake, akafurahi. "Sitini na nane? Basi kuna nafasi, na mzee huyu mwingine naye apande." Baba mdogo (ambaye si mdogo hata kidogo) akajibana nyuma pamoja na baba. Shangazi akabaki ofisini.

Mimi nikakaa mbele kando ya mwalimu, kwenye usukani wa pili. Mwalimu akawasha injini huku akinieleza kwamba leo joto ni kali, ndege itapanda kwa shida, ndiyo maana kila kilo ameihesabu. Kila kilo! Ndege inatambaa kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, mimi nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, jasho linanitoka, najiambia sema, halafu najiambia nyamaza, baba atakuona mwongo na kiwanja hakiuzwi tena, nageuka namwona baba ananionyesha dole gumba, meno yote nje. Tukageuza. Njia yote iko mbele yetu. Mwalimu akapeleka mkono kuongeza moto.

Nikapiga kelele, "Mwalimu, simama! Nimedanganya! Mimi ni kilo tisini na moja!"

Sasa, kwenye ule usukani kuna kitufe cha redio, na kidole changu kwa woga kilikuwa kimekikandamiza. Kisha sauti ya mtu wa mnara wa kuongozea ndege ikaingia masikioni mwetu sote: "Tumekupata. Tisini na moja. Rudini mpunguze mzigo." Na redio ya ofisini, niliambiwa baadaye, huwa imefunguliwa sauti yote. Tuliporudi wale vijana wamejaa mlangoni, shangazi anajifuta machozi ya kicheko, na mimi wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Baba hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kwenye fomu, baba."

"Na mimi na mdogo wangu tumekaa nyuma yako."

Nikaanza kuomba msamaha, akaniinulia mkono.

"Mafuta na makampuni nilikuwa nayaogopa bure, kumbe ningeogopa ulimi wako," akasema. "Tutangoja."

Nimeapa kwamba swali lolote ambalo jibu lake litabeba maisha ya mtu mwingine, nitalijibu kweli papo hapo, hata kama wembamba wote wa Kampala wananisikiliza. Ila lile la lini nianze, sijathubutu kumuuliza baba tena, na yeye hajalitaja.